Moyo wa Jiwe: Je, Aliyejiuza Mwenyewe Aachwe na Deni Lake?



Wazee walisema: dawa ya deni ni kulipa. Hakuna anayelibisha neno hilo. Aliyekopa na alipe. Aliyetia dole gumba katika karatasi asiseme kesho kwamba hakujua. Bila sheria hiyo hakuna biashara, wala hakuna amani kati ya jirani na jirani.

Lakini tuulize neno moja. Ikiwa kilichowekwa rehani si mbuzi wala shamba, bali ni mtu mwenyewe pamoja na roho yake? Na ikiwa mwenye kudai si mfanya biashara wa sokoni, bali ni Shetani? Je, hapo pia tuseme: alitaka mwenyewe, basi na alipe? Au yuko mtu mwenye haki ya kuingia kati na kusema: huyu hutampata?

Swali hili ni la kale katika Eklezia. Leo twataka kulichungua kwa njia ya kitu ambacho wengi hawakutazamia kukiona katika kurasa hizi, yaani mchezo wa kompyuta. Vijana wetu wanaijua michezo hiyo. Wazazi na makatekista mara nyingi huipita kando, wakisema ni upuuzi mtupu. Upuuzi mwingi umo, hatukatai. Lakini mwenye hekima huangalia kwanza kilichomo ndani ya chungu, kisha ndipo anapokimwaga au kukipakua.

I. Mchezo wenyewe

Kwanza tueleze kwa ajili ya wasiojua. Katika mchezo wa namna hii mchezaji hatazami tu, kama mtu aliye katika sinema. Yeye huongoza mtu mmoja wa hadithi: humchagulia njia, maneno na matendo, na hadithi hugeuka kufuatana na uchaguzi wake. Tena, mchezo ukiisha kuuzwa, watengenezaji waweza kutoa nyongeza, ndiyo sehemu mpya ya hadithi inayounganishwa na ile ya kwanza, kama nyumba inavyoongezwa chumba.

Mwezi wa Mei 2015 kampuni ya CD Projekt Red ya Warsaw, katika nchi ya Polandi, ilitoa mchezo uitwao The Witcher 3. Mtu anayeongozwa humo ni Geralt, mwindaji wa mazimwi kwa ujira, aliyebuniwa na mwandishi Mpolandi Andrzej Sapkowski katika hadithi iliyotoka mwaka 1986. Mchezo huo ulienea duniani: mwaka 2023 kampuni ilitangaza kwamba nakala zaidi ya milioni 50 zimekwisha kuuzwa. Tarehe 13 Oktoba 2015 ilitoka nyongeza yake ya kwanza, jina lake Hearts of Stone, maana yake Mioyo ya Jiwe. Juu ya nyongeza hiyo ndipo twataka kusimama.

II. Habari ya Olgierd

Yuko mtu mwenye cheo, jina lake Olgierd von Everec. Jamaa yake walizama katika madeni, mali yao ikawatoka. Olgierd alikuwa na mchumba, Iris, msichana mchoraji; lakini wazazi wa Iris walipoona umaskini wa wakwe, walivunja uchumba na kumtafutia binti yao mwana wa mfalme wa nchi ya mbali. Hapo Olgierd akakutana na mtu aitwaye Gaunter O'Dimm.

Angalieni jinsi watengenezaji walivyomchora huyo O'Dimm. Hana pembe wala mkia. Ni mchuuzi wa vioo, mwenye nguo za kawaida na maneno ya upole, ambaye hukutana na watu njia panda na katika vilabu vya pombe. Hamlazimishi mtu. Huuliza tu: wataka nini? Lakini mlevi mmoja alipomkatiza katika mazungumzo, O'Dimm alisimamisha saa yenyewe, watu wote wakaganda kama sanamu, akamwua yule mlevi kwa kijiko cha mti, kisha akaendelea na maneno yake kana kwamba amefukuza nzi.

Olgierd alitaka mali yake irudi, ampate Iris, tena aishi bila hofu ya kesho. Yote matatu alipewa. Lakini mkataba ulidai damu ya mtu aliyempenda, na Vlodimir, ndugu yake, akafa. Na ile zawadi ya kutokufa ilikuwa na sumu ndani: moyo wake ukaanza kugeuka jiwe. Upanga wamchoma na hafi, kweli. Lakini hata mapenzi hayamchomi tena, wala huruma, wala furaha. Iris, ambaye kwa ajili yake aliuza kila kitu, alikuja kuwa kwake kama kiti cha nyumbani. Akamwacha katika nyumba kubwa, akimwekea mapepo mawili, moja katika umbo la mbwa na moja katika umbo la paka, wamtunze. Iris akafa peke yake kati ya picha zake. Olgierd akawa mkubwa wa genge la wanyang'anyi.

Kukopa harusi, kulipa matanga! Methali yetu haikupata kuelezwa vizuri zaidi.

Olgierd alijiona mjanja. Aliweka sharti kwamba, kabla ya roho yake kuchukuliwa, O'Dimm amtimizie matakwa matatu kwa mkono wa mtu mwingine, tena wao wawili wasimame juu ya mwezi. Nani atasimama juu ya mwezi? Huyo mtu wa kati ndiye Geralt, kwa maana yeye naye alijifunga. Alikuwa mateka katika merikebu, O'Dimm akamfungua kwa bei, akamtia alama usoni. Basi Geralt akayatimiza matakwa yale matatu, na la mwisho likampeleka Olgierd katika hekalu la kale. Vumbi likapeperushwa, na tazama, sakafuni mna picha ya mwezi. Wote wawili wamesimama juu yake. Mkataba umetimia neno kwa neno.

Hapo mchezo unamgeukia mchezaji na kungoja jibu. Akinyamaza, Olgierd atakufa na roho yake itachukuliwa, na O'Dimm atamlipa Geralt zawadi anayoitaka, kama fedha nyingi. Akiingia kati, hapewi kitu na O'Dimm. Tena lazima aweke roho yake mwenyewe kama dau, ajibu kitendawili kabla ya muda kwisha. Utafanya nini wewe?

III. Hadithi hii ina mababu

Watengenezaji hawakuokota habari hii hewani. Kila Mpolandi ameisikia tangu utoto hadithi ya bwana Twardowski wa Kraków, ambaye yasemwa aliishi katika karne ya 16. Yeye naye aliuza roho kwa sharti la ujanja: Shetani atamchukua mjini Roma tu. Kwa hiyo alikusudia asikanyage Roma kamwe. Siku moja akaingia kupumzika katika nyumba ya wageni, na jina la nyumba hiyo lilikuwa Roma. Wakati anachukuliwa angani aliukumbuka wimbo wa Mama Bikira Maria, akauimba. Shetani akashindwa kumshika, naye akabaki juu ya mwezi, akingoja hukumu. Hata leo katika sakristia ya kanisa la parokia ya Węgrów, nchini Polandi, kimetundikwa kioo cha madini chenye nyufa, ambacho watu husema kilikuwa cha Twardowski. Mwezi, kioo, sharti la ujanja: vyote vimo katika mchezo.

Lakini babu wa mababu ni Teofilo wa Adana, mji ulio leo katika nchi ya Uturuki. Hadithi yake ilipendwa sana na Wakristu wa zamani. Teofilo alikuwa msimamizi wa mali ya Eklezia. Aliposingiziwa na kuondolewa katika kazi, kwa uchungu alimwendea mchawi, akatia sahihi hati ya kumkana Kristu. Baadaye akajuta, akafunga na kusali, na Bikira Maria akamnyang'anya Shetani ile hati. Teofilo akaiungama dhambi yake mbele ya watu, hati ikachomwa moto. Mafundi wa karne ya 13 walichonga habari hiyo katika jiwe juu ya mlango wa kaskazini wa kanisa la Notre-Dame la Paris, wasiojua kusoma wapate kuiona.

Kinyume chake ni Faust wa Wadachi. Katika kitabu kilichopigwa chapa huko Frankfurt mwaka 1587, yeye hapati mtu wa kumwingilia kati, na mwisho wake ni upotevu. Basi tangu zamani watu wamesimulia miisho miwili: aliyejiuza akaokolewa, na aliyejiuza akaachwa. Jambo jipya katika mchezo huu ni kwamba mwisho hauchaguliwi na msimulizi. Unachaguliwa na kijana aliyeketi mbele ya kioo cha kompyuta.

IV. Wanaosema: na alipe

Tumewasikiliza wanaosema: mwache. Hoja yao si dhaifu. Olgierd hakudanganywa kama mtoto. Aliyajua maneno ya mkataba, na mengine aliyatunga mwenyewe. Alikula faida miaka mingi. Damu ya ndugu yake iko mikononi mwake, na machozi ya mkewe vile vile. Kumwokoa mtu kama huyo, je, si kuwacheka waliokufa?

Twajibu kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza. Mwuzaji lazima awe mwenye mali. Kijana akiuza shamba la ukoo kwa mgeni, wazee hukaa barazani na kusema: uuzaji huu ni bure, kwa sababu shamba halikuwa lake. Basi roho ya mtu ni ya nani? Katekismu yatufundisha tangu utoto kwamba Mungu ndiye aliyetuumba. Na Mtakatifu Paulo awakumbusha Wakorinto kwamba sisi si mali yetu wenyewe, kwa kuwa tulinunuliwa kwa bei. Kwa hiyo aliyemwuzia Shetani roho yake aliuza kisicho chake. Shetani anajua hivyo. Ndiyo maana hupenda sana karatasi na sahihi, apate kumtisha mtu kwa haki asiyokuwa nayo.

Hatua ya pili. Ahadi ya kutenda uovu haimfungi mtu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba kiapo cha jambo baya ni dhambi kukiapa, na tena ni dhambi kukitimiza. Kumbukeni Herode. Aliapa mbele ya wageni kumpa msichana aliyecheza lo lote atakaloomba, naye akaombwa kichwa cha Yoane Mbatizaji. Akahuzunika, lakini akatuma askari, eti kwa sababu ya kiapo. Je, alikuwa mtu mwaminifu? Hapana, alikuwa mwuaji mwenye aibu. Uaminifu usiokuwa na haki ndani yake ni kamba ya kujinyongea.

Hatua ya tatu, na hapa wengi huteleza. Tukisema Olgierd hana deni kwa Shetani, hatusemi hana deni lo lote. Anadaiwa na Mungu, anadaiwa na Vlodimir na Iris. Deni hilo halifutwi kwa kumwacha apotee. Maana mtu aliyepotea hamlipi mtu. Hulipwa kwa toba tu. Na ili mtu atubu, yampasa kwanza awe na moyo unaoweza kuumia.

Hapo twaona kwa nini watengenezaji waliita nyongeza hiyo Mioyo ya Jiwe. Nabii Ezekieli alikwisha kutabiri kwamba Mungu atauondoa moyo wa jiwe na kutia moyo wa nyama mahali pake. Watu hudhani moyo wa jiwe ni nguvu: huumizwi, hulii, huogopi. Mchezo unaonyesha kweli yake. Olgierd hana raha hata kidogo. Anakunywa, anapiga kelele, anachoma na kupora, na hakuna kimfikiacho. Na mchezaji akimwokoa, Olgierd hatoki akicheka. Anaacha kuwa mtu asiyekufa, na moyo wake unaanza kuhisi tena. Kitu cha kwanza anachohisi ni uzito wa yote aliyoyatenda. Wale waliodhani kwamba kumwokoa ni kumkimbiza asipate adhabu, wafikiri tena. Adhabu ilikuwa lile jiwe. Maumivu yale mapya ndiyo mwanzo wa kupona.

V. Jibu la kitendawili

Tuseme neno juu ya kile kitendawili. O'Dimm amvuta Geralt katika ulimwengu wake, na muda unakwenda mbio. Jibu la kitendawili ni sura ya mtu katika kioo, naye yampasa aionyeshe. Vioo vimo, lakini kila akikaribia vyavunjika; mchuuzi wa vioo hataki mtu ajione humo. Mwishoni Geralt abomoa ukuta dhaifu, maji yaporomoka na kujaza birika, naye aona uso wake katika maji. Hapo O'Dimm ameshindwa.

Hatudai kwamba watengenezaji walikusudia kuhubiri. Lakini Mkristu ana haki ya kusoma kwa macho yake. Shetani hutuonyesha vioo vingi: uso tunaoutamani, mali tunayoitaka, heshima tunayoidai. Kioo kimoja tu anakichukia, ndicho kile kinachomwonyesha mtu alivyo kweli. Sisi twakiita kutafuta dhamiri. Na kwamba uso huo wa kweli waonekana katika maji, aliyebatizwa hawezi kupita hapo bila kusimama kidogo.

VI. Mambo ya kuangalia

Kusifu si kufumba macho. Mambo matatu twayasema waziwazi.

Kwanza, mchezo huu si wa watoto. Huko Ulaya umewekewa alama ya miaka 18, na kwa haki: mna damu nyingi na uasherati. Mzazi asimpe mtoto kwa sababu tu sisi tumeandika habari zake.

Pili, Geralt aliweka roho yake kama dau, na Mkristu hana ruhusa ya kufanya hivyo. Roho yetu si yetu kuitoa, kama tulivyosema. Ni kweli kwamba Musa aliomba afutwe katika kitabu cha Mungu pamoja na watu wake, na Mtakatifu Paulo alitamka neno kama hilo kwa ajili ya ndugu zake Wayahudi. Lakini hayo yalikuwa kilio cha mapendo mbele ya Mungu, si mkataba na Shetani. Twaweza kutoa kwa ajili ya mwenzetu fedha zetu, saa zetu, jina letu jema, hata uhai wa mwili. Mmoja tu ndiye aliyeweza kusimama mahali petu kabisa, Bwana wetu Yezu Kristu, aliyeigongomea msalabani hati ya deni letu. Yeye hakushinda kwa ujanja wa kitendawili. Alishinda kwa kutii hata kufa.

Tatu, katika mchezo mtu aweza kurudi nyuma. Akiona mwisho haumpendezi, hufungua tena mahali alipohifadhi, akachagua njia nyingine. Leo amwacha Olgierd apate fedha, kesho amwokoa apate upanga ambao Olgierd humpa kwa shukrani. Kwa hiyo uchaguzi ule wapaswa kuitwa zoezi, wala bado si tendo la huruma. Askari aliyelenga shabaha ya ubao hajapigana vita. Zoezi laweza kufaa, lakini siku yaja ambapo anayesimama mbele yetu ni mtu wa damu, na hakuna pa kurudi nyuma. Majuto ni mjukuu.

VII. Na kwetu?

Tusiseme kwamba Olgierd yuko mbali. Katika parokia zetu yuko aliyekwenda kwa mchawi usiku kutafuta mali au mtoto, akatoa ahadi asiyoweza kuitaja, na sasa haji tena misa kwa sababu anajiona ameshauzwa. Yuko binti aliyejitoa kwa mwenye fedha ili ndugu zake wasome. Yuko kijana aliyeingia katika kikundi chenye silaha, akaambiwa: umekwisha kumwaga damu, kwenu hawatakupokea tena. Hilo neno la mwisho ndilo mkataba wenyewe. Shetani hana hati nyingine yenye nguvu kuliko hiyo: kumsadikisha mtu kwamba nyumba yake imefungwa.

Na ni nani anayeitia muhuri hati hiyo? Mara nyingi ni sisi, tukaao benchi la mbele kanisani. Twasema: alitaka mwenyewe, na alipe. Neno hilo hutoka kinywani upesi, nasi twajiona watu wa haki. Lakini O'Dimm naye husema neno hilo hilo. Mtu akigundua kwamba hukumu yake na ya Shetani zimelingana neno kwa neno, na aogope.

Haki yataka kweli isemwe, waliodhulumiwa wasikilizwe, kilichoibwa kirudishwe, aliyeua ajibu mbele ya sheria. Hayo yote hatuyaondoi. Ila haki haitaki mtu apotee. Basi anayerudi na aongozwe kwanza kwa padri, katika sakramenti ya kitubio, mahali ambapo hati huchomwa kweli. Lakini kabla ya kufika kwa padri kuna njia, na katika njia hiyo lazima awepo mtu wa kati: mtu wa kumpitia nyumbani, wa kwenda naye, wa kuonekana naye barabarani bila kuona haya. Mtu huyo hatapata zawadi. Pengine atasemwa vibaya.

Geralt aliyekuwa mtu wa ujira tu, katika hadithi ya kubuniwa, aweza kuingia kati bila ujira. Sisi tuliokombolewa bure, tutamdai nani bei?